Mota mbili au nne: kuchagua mashine ya kusogezea karavani ya ekseli mbili

Karavani ya ekseli mbili, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu manne inayovutwa na gari, ikishapakiwa vyombo, gesi na matandiko huwa na uzito unaokaribia kilo 1,800, na nyingine huzidi hapo. Kwa uzito huo haisukumiki kwa mikono hata watu wakiwa wengi. Hapa Uingereza, ambako kazi yangu ni kuzifunga mashine hizi, uwanja wa mbele wa nyumba nyingi ni mfupi na umebanwa na kuta za majirani, kwa hiyo karavani hufunguliwa kwenye gari barabarani kisha huingizwa ndani kwa mota na rimoti. Wateja wenye karavani kubwa ni wengi, na baadhi yao hawana uzoefu nazo, kwa kuwa tangu tarehe 16 Desemba 2021 hata waliopata leseni ya gari dogo kuanzia mwaka 1997 wanaruhusiwa kuvuta trela la hadi kilo 3,500 bila kufanya mtihani wa ziada.

Mashine yenyewe si ngumu kuielewa. Mota ya umeme wa volti 12 hufungwa kwenye chesisi karibu na tairi, na kwenye mota hiyo kuna rola ya alumini ambayo, ikibanwa juu ya tairi, hulizungusha kwa nguvu na taratibu sana. Karavani ya ekseli moja hutosheka na mota mbili. Kwa ekseli mbili, muuzaji atakuonyesha seti ya mota mbili zinazoendesha ekseli moja tu, na seti ya mota nne zinazoendesha magurudumu yote. Na kwa kuwa bei ya seti ya pili iko juu zaidi, wengi husoma uzito ulioandikwa kwenye boksi, wakaona kwamba mota mbili zinauhimili, wakalipa.

Uzito huo ni kweli, ila umepimwa mahali pakavu na tambarare au penye mwinuko mdogo. Linaloamua ni kiasi cha uzito kinachokandamiza yale matairi yanayoendeshwa. Katika karavani ya kilo 1,800, ukiondoa uzito unaobebwa na kigurudumu cha mbele (kile kidogo kinachoishikilia pua ya karavani, na kuiinua au kuishusha kwa mpini), ekseli moja hubeba takriban kilo 850. Ukitaka kuipandisha kwenye mwinuko wa asilimia 15 unahitaji msukumo wa kama kilo 270, mbali na ule wa kuyashinda mashimo na kokoto. Kwenye lami kavu matairi mawili yanaumudu msukumo huo bila shida. Kwenye nyasi zilizolowa, ambako tairi likishika kwa robo ya uzito wake ni bahati, kilo 850 hazikupi zaidi ya kilo 215, na hapo magurudumu yatazunguka palepale hata mota ingekuwa na nguvu kiasi gani. Mota nne huutumia uzito wa magurudumu yote, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzinunua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji mara nyingi. Ekseli za karavani nyingi zina springi za mpira ndani ya bomba la chuma, na kila ekseli hujitegemea, haigawani mzigo na mwenzake. Kwa hiyo ukiinua pua ya karavani kwa kigurudumu cha mbele, mzigo huhamia ekseli ya nyuma. Ukiishusha, hurudi ekseli ya mbele. Tazama karavani inapopanda ukingo wa barabara: tairi la kwanza likishapanda, la pili hupungukiwa mzigo kiasi kwamba unaona mbavu zake, zilizokuwa zimetuna chini, zikinyooka. Kama mota zako mbili ziko kwenye ekseli hiyo iliyopungukiwa, safari inaishia hapo. Anayelijua hili huzungusha mpini wa kigurudumu cha mbele kidogo, akaurudisha mzigo kwenye ekseli yenye mota, na karavani ikaondoka. Mwenye mota mbili ajifunze mbinu hii tangu siku ya kwanza.

Kwenye kona, magurudumu mawili ya upande mmoja hayawezi kuzunguka bila kuburutwa kando, ndiyo maana seti nyingi za mota mbili hupunguza mwendo wa upande wa ndani badala ya kuusimamisha, na karavani hukata kona kwa upinde mpana. Pima uwanja wako kwa futi kabla ya kununua. Ikiwa lazima igeuke karibu palepale ilipo, chukua mota nne, ukijua kwamba matairi yataburutwa na changarawe itachimbika.

Gharama ya mota nne haiishii dukani. Seti yake huweza kufika kilo 60 au zaidi, na kilo hizo zote hutoka kwenye mzigo ulioruhusiwa kupakia. Betri nayo hufanya kazi nzito: kwenye mwinuko umeme unaweza kupita ampea 100, na betri ya lithiamu ambayo kidhibiti chake hukata umeme kwenye kiwango hicho itaizima karavani katikati ya mwinuko. Uliza kiwango cha juu cha ampea ambacho betri inaruhusu, usiishie kwenye ampea-saa pekee, yaani kiasi cha umeme inachohifadhi.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba mwenye uwanja wa lami au zege, tambarare na wa kuingia moja kwa moja, anunue mota mbili bila wasiwasi. Penye mwinuko, ukingo, nyasi au kona kali, asubiri hadi apate fedha za mota nne. Kwa vyovyote vile, fundi asitoboe wala kuchomelea chesisi. Mashine hushikizwa kwa vibano, na chesisi nyembamba zina vishikizo vyake maalumu. Kabla fundi hajaondoka, mwambie akuonyeshe utaratibu huu kwa vitendo: rola zikamate matairi kwanza ndipo breki ya mkono ilegezwe, na wakati wa kumaliza breki ivutwe kwanza ndipo rola ziachie.