Dawa ya wadudu ikiwa nyeupe kama maziwa kwenye bomba la kupulizia, ujue haijayeyuka

Wakulima wa huku Arusha wakija kututembelea maabara, hasa wa nyanya toka Ngarenanyuki, kuna sentensi siikosi: "mtaalam dawa ile nzuri, ukiimimina tu kwenye maji inayeyuka palepale inakuwa kama maziwa". Sasa jamani ule weupe ndo ushahidi wenyewe kwamba haijayeyuka. Kitu kikiyeyuka kweli maji yanabaki maangavu kama ya chumvi, ule weupe ni matone madogomadogo ya dawa yanaelea, yameshikiliwa na kitu cha jamii ya sabuni ambacho kiwanda kimeweka humohumo kwenye chupa.

Piga hesabu. Klopairifosi, dawa ya kuua wadudu, ile ya gramu 480 kwa lita, ukiweka mililita 20 kwenye bomba la lita 20 (mfano tu, dozi soma kwenye lebo) umetia gramu 9.6 za dawa yenyewe, na maji yanayeyusha kama miligramu 1 tu kwa kila lita, yani bomba zima ni miligramu 20 hivi, iliyobaki yote inaelea. Ndo maana ukilitua ukaenda kunywa chai ukirudi unalitikisa upya.

Hiyo miligramu 1 tunaijuaje? Wengi wanadhani unatia, unakoroga, ikigoma basi umepata jibu. Haiendi hivo. Ona sukari ikibaki chini ya kikombe, utasikia mtu anasema chai imeshiba, wala haijashiba, lita ya maji hata ya baridi inabeba karibu kilo 2 za sukari, we hujakoroga tu. Muda ndo unaodanganya watu, kwa iyo njia ya chupa ambayo maabara nyingi duniani zinafuata imejengwa juu ya muda: chupa tatu za glasi, maji safi ya maabara na siyo ya bombani maana ya kwetu huku yana chumvichumvi na floraidi, alafu kila chupa unatia kemikali kama mara tano ya ile unayokadiria itayeyuka, lazima ibaki ya ziada chini. Unatikisa kwenye nyuzi 30 ili maji yashibe haraka, ya kwanza unaitoa baada ya siku moja, ya pili siku mbili, ya tatu siku tatu, na kila moja inakaa tena siku nzima kwenye nyuzi 20 ili kilichozidi kirudi chini. Namba za chupa mbili za mwisho zikipishana chini ya asilimia 15 unakubali, namba ikiwa bado inapanda unaendelea kutikisa.

Kisha unazungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili chembe zitengane na maji), unachota maji ya juu, unapima kwa mashine. Ukiona yana ukungu usipime, mulika tochi kwa pembeni, mwanga ukijichora ndani kama kwenye vumbi la chumbani bado kuna matone, na utayahesabu kama yameyeyuka.

Mi mwenyewe nilipoanza kazi nilitumia chupa ya plastiki, nikapata namba ndogo nikaandika ripoti kwa furaha. Kumbe kemikali zisizopenda maji zinakimbilia ukutani mwa plastiki, na kwenye chujio pia. Nilirudia wiki nzima.

Ila kuna kemikali ambazo chupa haifai kabisa. DDT, ile dawa ya wadudu ya zamani, inayeyuka mikrogramu kama 5 tu kwa lita (mikrogramu elfu moja ndo miligramu 1), ukitikisa unajitengenezea tope la chembe zisizoonekana. Chini ya miligramu 10 kwa lita tunahamia kwenye safu, yani mrija uliosimama wima, tunapaka kemikali juu ya vishanga vya glasi au mchanga, tunapitisha maji polepoleee, tunapima yanayotoka hadi namba itulie. Klopairifosi nayo, kwa ile miligramu 1 yake, inaangukia huku.

Wengine wanasikia "haiyeyuki" wanafurahi, eti mtoni haifiki. Inafika, imepanda kwenye tope la mvua. Na ile isiyopenda maji inapenda mafuta, DDT inajulikana kwa kukaa kwenye mafuta ya mwili na kwenye maziwa, ya ng'ombe na ya mama.

Na ukikuta namba ya uyeyukaji kwenye karatasi ya dawa angalia pembeni yake kama wameandika nyuzi joto. Kafeini ya kahawa yetu ya Kilimanjaro ni gramu 20 hivi kwa lita kwenye maji ya kawaida, yakichemka inapita 600.