Kunguru Mmoja Ataifanya Nini Jeti? Dhana Potofu na Ukweli

Lugha yetu yenyewe imetuwekea mtego: ukisema ndege kagongana na ndege, msikilizaji hajui mwenye manyoya ni yupi. Basi hapa nitafuata wazee wa Mvita. Mwenye manyoya nitamwita nyuni. Yenye injini ndiyo ndege. Juzi barazani Kibokoni, Mombasa, kahawa ikizunguka, maneno yaliangukia jeti za kivita zinazofanya mazoezi ya kuruka chini chini, na niliyoyasikia hapo ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

"Jeti ni chuma, nyuni ni nyama."

Mvulana aliyejirusha baharini akatua kwa tumbo anajua maji yanavyogeuka jiwe. Mwendo ndio unaoamua. Kunguru wetu ana gramu 300 hivi. Matatu ikimgonga kwa kilomita 60 kwa saa, pengine kioo kisipate hata ufa. Jeti ya mazoezi ya chini huweza kwenda kilomita 840 kwa saa, mara 14 ya matatu hiyo, lakini nishati ya mgongano haipandi mara 14. Huzidishwa mwendo kwa mwendo: 14 mara 14, yaani mara 196. Na kunguru ni yule yule.

Sasa mwondoe kunguru, umweke mwari, yule nyuni wa majini mwenye mfuko mdomoni, wa kilo kadhaa. Tarehe 28 Septemba 1987, huko Colorado, Marekani, dege la mabomu aina ya B-1B lilikuwa mazoezini, chini, likienda zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Mwari mmoja akaligonga. Hakuhitaji kumezwa na injini: alipiga upande wa bawa, mabomba ya mafuta na ya haidroliki (majimaji yanayosukuma mitambo) yakakatika, moto ukawaka. Watu 6 walikuwa ndani, 3 wakafa. Baada ya hapo ndipo sehemu zile zikaongezewa kinga.

"Rubani ana macho, atamkwepa."

Kivuko cha Likoni, kutoka gati hadi gati, ni kama mita 500. Jeti ile ya kilomita 840 kwa saa hukivuka kwa sekunde mbili na kidogo. Kunguru aliye ng'ambo unamwona kama nukta. Mpaka ubongo umwambie rubani kwamba nukta ile ina mabawa, na mkono uitike, na ndege yenyewe igeuke, mambo yamekwisha.

Kwa nini basi waruke huko chini? Kwa sababu mawimbi ya rada hayapiti ndani ya kilima, na dunia nayo ni mviringo; anayeambaa na ardhi huchelewa kuonekana na adui. Majeshi mengi hufanya mazoezi kwenye mita 150 hivi. Uingereza kwa kawaida huruhusu jeti kushuka hadi mita 76. Huo ndio mtaa wa nyuni wenyewe, na mgeni ni rubani.

"Wa kuogopwa ni tai na korongo tu."

Kwezi ni mdogo, unaweza kumfumbata kiganjani. Tarehe 15 Julai 1996, ndege ya jeshi la Ubelgiji aina ya C-130 ilikuwa ikitua Eindhoven, Uholanzi. Haikuwa jeti, wala haikuwa mazoezini. Ilikuta kundi kubwa la kwezi na nyuni wengine, injini za kushoto zikaishiwa nguvu, ikaanguka ikawaka. Watu 34 kati ya 41 walikufa. Na hiyo ilikuwa na injini nne. Zipo jeti za kivita zenye moja tu.

"Kuna kiti cha kumrusha rubani."

Kipo, si kwa kila mtu. Wawili kati ya waliokufa Colorado walikaa kwenye viti visivyo na mtambo huo.

"Waueni nyuni, yaishe."

Hapa ndipo baraza lilipochangamka, maana nani Mombasa hana kesi na kunguru? Lakini kumbukeni, kunguru huyu aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka. Jirani na uwanja wa ndege, ukiziacha taka wazi umemwalika wewe mwenyewe. Njia za kuruka chini nazo hazina ua wala mlinzi: hupita juu ya mashamba, maziwa na mikoko kwa mamia ya kilomita. Hapo huuwi mtu, unasoma kalenda. Israel, ambako nyuni kama milioni 500 hupita kila msimu wa kuhama, jeshi la anga hufuatilia makundi kwa rada na kuziepuka njia zao siku wanapopita. Huku kwetu kalenda hiyo iko matopeni: nenda hori ya Tudor mwezi wa Novemba, maji yakipwa, uwatazame vitwitwi waliotoka Ulaya na Asia wakichokora chakula. Wakishtuliwa huinuka wote kwa pamoja.