Troma ni kidonda, siyo kuudhika

Juzi nimelisikia tena, pale stendi Mtwara, kaka mmoja anamwambia mwenzie "mnada wa korosho umenipa troma". Wiki hiyohiyo binti mwingine kalisema kisa bando limeisha. Nimechoka nalo, ngoja niandike.

Troma ni kidonda cha moyoni na akilini kinachobaki baada ya tukio la kutisha, kunusurika kifo, kubakwa, kuona mtu anauawa. Basi. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake jeraha, na ni jeraha la mwili kabisa, ndo maana mpaka leo daktari wa upasuaji akisema troma anaongelea ajali na mifupa iliyovunjika. Watu wa magonjwa ya akili waliliazima tu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo troma siyo tukio, ni kile tukio lilichoacha, na ndo maana wawili wanapinduka na chombo kimoja, baada ya mwezi, mmoja yuko baharini na mwingine hata ufukweni hashuki. Wengine wanatafsiri "kiwewe". Mi nasita, kiwewe kinakushika palepale, hujui ushike lipi uache lipi, halafu kinapita.

Mjomba wangu wa Mikindani ngalawa yao ilipinduka, mwenzie hakuonekana tena. Toka hapo analala amekaa, mgongo ukutani, taa inawaka, ikifika saa tisa usiku anashtuka shuka limelowa jasho, vidole vimekunjwa kama kashika kamba. Nyumbani wakasema jinamizi. Hapana jamani, jinamizi ni akili imeamka mwili bado umelegea, unahisi umekaliwa kifuani, na linampata hata mtu aliyechoka tu. Mjomba anaota bahari ileile kila siku, halafu anaogopa kulala, na kutolala kunazidi kumharibu mchana.

Sasa kuna tiba ya kusogeza macho, EMDR, aliianzisha Francine Shapiro wa Marekani mwaka 1987, na WHO iliipendekeza 2013. Mgonjwa anaishika ile kumbukumbu akilini huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu kushoto kulia, wanasimama, anasema kilichomjia, wanarudia. Siyo kupungwa, siyo kulazwa usingizi, uko macho na unaweza kusema inatosha. Inasaidiaje hasa, wataalamu bado wanabishana, wapo wanaoifananisha na ule usingizi wa ndoto ambao macho yanachezacheza chini ya kope, uliogunduliwa Chicago na kutangazwa 1953, na wapo wanaosema akili ikibeba mambo mawili kwa mpigo, picha ya kutisha inafifia.

Kaka wa mnadani, bei ilikuudhi na imekupa hasara. Sema hasara tu kaka yangu, huku kusini hasara ya korosho kila nyumba inaijua.