Urekebishaji Makini wa Ulimwengu: Yanayodhaniwa na Yanayojulikana

Katika fizikia ya leo zipo namba zipatazo 25, kama vile tungamo la elektroni na ukubwa wa kani inayoshikilia viini vya atomu, ambazo hakuna nadharia inayoweza kuzikokotoa. Hupimwa maabara, kisha huingizwa katika milinganyo jinsi zilivyo. Inapobainika kwamba jambo fulani lingebadilika kabisa endapo mojawapo ya namba hizo ingesogezwa kidogo tu, wanafizikia husema kuwa hapo pana urekebishaji makini. Maana hiyo ni finyu kuliko wengi wanavyoichukulia, na dhana potofu nyingi huzaliwa pale inapopanuliwa kimyakimya.

Dhana: Wanasayansi wamegundua kwamba kuna aliyeurekebisha ulimwengu.

Ukweli ni kwamba istilahi hii haithibitishi mrekebishaji, wala haimkanushi. Inachoeleza ni jinsi matokeo yanavyoitegemea namba. Neutroni, kwa mfano, ina tungamo kubwa kuliko protoni kwa takriban asilimia 0.14 pekee. Kama hali ingekuwa kinyume, na protoni ikawa nzito kiasi cha kutosha, protoni zilizo huru ndizo zingeoza kuwa neutroni, na hidrojeni ya kawaida, ambayo ndiyo kuni ya nyota nyingi, isingedumu. Hayo yanakokotoleka, na muumini na asiyeamini hupata jibu lilelile. Swali la kwa nini namba iko hivyo ni jingine, na halijibiwi na ukokotozi huo.

Dhana: Mwanaastronomia Fred Hoyle alitabiri tabia ya kaboni kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hai.

Kisa hiki husimuliwa kwa ufasaha kuliko kilivyotokea. Ndani ya nyota, kaboni huundwa na viini vitatu vya heli. Viwili vya kwanza huunda kiini cha berili ambacho huvunjika karibu papo hapo, hivyo kile cha tatu kina nafasi ndogo mno ya kukiwahi. Mwaka 1953 Hoyle aliwaeleza wanafizikia wa nyuklia wa Caltech, taasisi ya sayansi ya California, kwamba kaboni iliyopo isingeweza kupatikana kwa wingi huo ila kama kiini chake kina ngazi ya nishati mahali mahususi. Kundi la Ward Whaling lilipima na kuikuta. Leo thamani yake inajulikana kuwa megaelektrovolti 7.65, yaani kiloelektrovolti 7,650 (elektrovolti ni kipimo cha nishati ya chembe). Utabiri ulikuwa wa kweli na wa kustaajabisha, lakini hoja yake ilihusu wingi wa elementi katika nyota. Mwanahistoria Helge Kragh ameonyesha kwamba uhai uliunganishwa na kisa hicho miaka mingi baadaye. Tena, Mario Livio na wenzake walikokotoa mwaka 1989 kwamba kuipandisha ngazi hiyo kwa kiloelektrovolti 60 hakubadilishi sana kiasi cha kaboni kinachozalishwa. Kwa hiyo madai kwamba badiliko dogo kiasi chochote lingeifuta kaboni yote hayana msingi, ingawa badiliko kubwa zaidi lingeipunguza mno.

Dhana: Uwezekano wa ulimwengu kuwa kama ulivyo ni moja kati ya 10 kwa kipeo cha 120, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 120.

Kati ya dhana zote, hii ndiyo inayostahili subira zaidi, kwa sababu namba yenyewe ni halisi na kosa limo katika tafsiri yake. Kasi ya kutanuka kwa ulimwengu inaongezeka, jambo lililogunduliwa mwaka 1998 na makundi mawili yaliyochunguza milipuko ya nyota za mbali, na ambalo liliwapatia Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba ombwe lenyewe, yaani nafasi tupu, lina nishati, na kiasi kinachohitajika ni chini ya sehemu moja ya bilioni ya jouli katika kila mita ya ujazo. Nadharia ya kwantamu, inayoeleza tabia ya chembe ndogo kabisa, nayo inadokeza kwamba ombwe lina nishati, ila ukikadiria kwa kuifikisha nadharia hiyo hadi kwenye nishati za juu kabisa tunazoweza kuzifikiria, unapata kiasi kinachozidi kile kilichopimwa kwa takriban mara 10 kwa kipeo cha 120.

Huo ni mwachano baina ya makadirio na kipimo. Hata ukubwa wake unategemea mahali unapoamua kusimamisha hesabu: ukiishia kwenye nishati ambazo mitambo ya kuharakisha chembe imekwisha kuzifikia, mwachano hushuka hadi takriban 10 kwa kipeo cha 60, ambao bado ni wa kutisha. Ili uwezekano utajwe ni lazima ijulikane kwanza ni thamani zipi zingeweza kutokea na kila moja ina nafasi gani. Dadu lina pande sita, nasi tunaziona. Namba za maumbile tumeziona zikiwa na thamani moja moja tu, katika ulimwengu mmoja, wala hatujui kama zingeweza kuwa vinginevyo. Anayetoa asilimia hapa ameingiza dhana yake mwenyewe kuhusu mgawanyo huo, na haki ya msomaji ni kuelezwa hivyo.

Dhana: Kila urekebishaji makini unahusu uhai.

Kani inayofunga kwaki, yaani chembe zinazounda protoni na neutroni, ndani ya protoni inaruhusu kihisabati namba moja, iitwayo theta, ambayo ingeifanya neutroni iwe na mgawanyiko wa chaji unaoweza kupimwa. Vipimo havijauona, na theta haizidi takriban sehemu moja ya bilioni kumi. Hata kama ingekuwa kubwa mara elfu kadhaa, nyota na kemia zisingetofautika kwa kiasi cha kutajika, hivyo uhai hauwezi kutumiwa kueleza udogo wake. Mwaka 1977 wanafizikia Roberto Peccei na Helen Quinn walipendekeza utaratibu unaoisukuma theta hadi sifuri, na kutokana nao ikatabiriwa chembe iitwayo aksioni, ambayo bado inatafutwa.

Dhana: Kuwepo kwa malimwengu mengi kumekwisha kuthibitishwa.

Hakujathibitishwa. Hoja ya malimwengu mengi husema kwamba yapo maeneo mengi ambamo namba za maumbile zina thamani tofauti. Kinachoipa heshima ni andiko la mwanafizikia Steven Weinberg la mwaka 1987, lililoonyesha kwamba nishati ya ombwe ingezidi kiasi fulani, maada isingekusanyika kuwa galaksi. Basi kama yapo maeneo mengi yenye thamani tofauti, watazamaji watajikuta palipo na thamani ndogo. Miaka kumi na moja baadaye ilipimwa thamani ndogo isiyo sifuri. Hata hivyo hoja nzima inachukulia kwamba nishati hiyo haibadiliki mahali tulipo, na vipimo vya mradi wa DESI, unaochora ramani ya galaksi, vilivyotangazwa mwaka 2024 na 2025 vimetoa dalili, ambazo hazijafikia kiwango cha uhakika kinachodaiwa ili kuitwa ugunduzi, kwamba huenda imekuwa ikidhoofika kadiri muda unavyopita.