Kidonge ni cha bure, bili analipa nani? Maswali na majibu kuhusu fedha za huduma za VVU

Ukikaa kwenye benchi la CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, siku ya kliniki utasikia yale yale ya siku zote: bei ya mchele, mtoto wa fulani kafeli, foleni haisogei. Tangu Januari 2025 limeongezeka jambo moja, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: Wamarekani wakijitoa, dawa tutapata wapi? Hapa nimejibu maswali ninayokutana nayo mara nyingi, nikianza na lile linalozaa mengine yote.

Mbona mnasema dawa ni gharama, wakati mimi sijawahi kutoa hata shilingi mia?

Hujatoa kwa sababu kuna aliyetoa kabla yako. Chukua chupa ya TLD, dawa wanayotumia watu wazima wengi: kidonge kimoja kwa siku, ndani yake dawa tatu, yaani tenofovir, lamivudini na dolutegravir. Mwaka 2000 tiba ya mtu mmoja kwa mwaka ilikuwa inazidi dola 10,000. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitokeza na bei ya dola 350, na soko halikurudi tena kule lilikokuwa. Kufikia 2023 Mfuko wa Dunia (Global Fund) ulitangaza kuwa unanunua TLD kwa chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka mzima. Gawanya kwa miezi 12, hazifiki dola nne.

Hapo ndipo wengi tunapokosea hesabu. Tunazidisha dola 45 kwa idadi ya wagonjwa, tunaona jibu si la kutisha, tunauliza kelele za nini. Lakini katika huduma nzima, kidonge ni kati ya vitu vya bei nafuu. Fuata damu yako siku ya kipimo cha wingi wa virusi uone. Nesi anaivuta na kuiweka kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Inazungushwa kwenye mashine hadi majimaji ya juu yajitenge. Inafungwa kwenye kisanduku cha baridi, inapanda pikipiki kwenda maabara yenye mashine kubwa, na huko mashine haifanyi kazi bila vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vinavyoagizwa nje. Majibu yanarudi kwa mtandao, karani anayaingiza kwenye faili lako, na yakiwa mabaya kuna mtu anakupigia simu. Kila mkono uliogusa kile kichupa unalipwa na mtu, na pikipiki ile haitembei kwa maji.

Ongeza mshauri rika anayezunguka mitaani na daftari kutafuta walioacha kliniki, wale wanaoitwa watoro. Neno hilo silipendi. Mtu aliyekosa nauli si mtoro.

Sasa hizo fedha zinatoka wapi?

Kwa Tanzania, mifuko ni mitatu. Wa kwanza ni PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani ulioanzishwa 2003 wakati wa Rais George W. Bush. Wa pili ni Mfuko wa Dunia, ulioanza 2002, unaopokea michango ya serikali nyingi. Wa tatu ni hazina yetu wenyewe. Serikali hubeba majengo na mishahara ya watumishi walioajiriwa. Dawa, vitendanishi na wafanyakazi wengi wa mikataba kwenye miradi vimelipiwa kwa sehemu kubwa na hiyo mifuko miwili ya nje.

Ni muhimu kujua pia kwamba mchangiaji mkubwa kuliko wote wa Mfuko wa Dunia ni Marekani hiyo hiyo. Mabomba mawili, tangi moja. Mwenye tangi akifunga koki, usitarajie bomba la pili litiririke kama zamani.

Januari 2025 kulitokea nini hasa?

Tarehe 20 Januari, siku ya kuapishwa kwake, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku chache baadaye miradi iliagizwa isimamishe kazi. Mwanzoni mwa Februari ukatoka msamaha: huduma za kuokoa maisha ziendelee, yaani tiba ya VVU, upimaji, na kumkinga mtoto asiambukizwe na mama. Dawa kinga, zile ambazo mtu asiye na VVU humeza ili asiambukizwe, ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Makundi mengine, hata yale yenye hatari kubwa zaidi, yaliachwa nje. Tarehe 1 Julai 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwa likisimamia sehemu kubwa ya miradi hiyo, likasitisha rasmi shughuli zake.

Angalia mpangilio wa vilivyokatika. Kidonge cha tiba kililindwa kwanza. Kinga ikatupwa pembeni. Na msamaha wa kwenye karatasi haumrudishi kazini mshauri rika ambaye mkataba wake umekwisha kufutwa. Ndiyo maana kiongozi akisimama na kusema "dawa zipo za kutosha", anaweza kuwa anasema kweli tupu, na huduma ikawa inadhoofika nyuma yake. Mimi swali langu la kwanza siku hizi halihusu dawa. Nauliza vipimo vinarudi lini, na nani anamfuata aliyekosa kliniki.

Nikisikia dawa zinapungua, nianze kumeza siku moja naruka moja ili zidumu?

Hapana. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, nami nalisikia kwa watu wazima wenye akili zao. Dawa ikishuka kwenye damu huku virusi wakiwa hai, unawafundisha virusi kuishi nayo, na siku ukirudi kwenye dozi kamili huenda isifanye kazi tena. Ukiacha kabisa, kwa watu wengi virusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache. Ile faida ya kwamba mwenye virusi wasiogundulika hamwambukizi mwenza wake kwa ngono nayo huondoka hapo hapo.

Nenda kliniki kabla chupa haijaisha, usisubiri kidonge cha mwisho. Ukipewa za mwezi mmoja badala ya za miezi mitatu au sita, pokea, kisha uliza tarehe ya kurudi. Ukiwa safarini, ingia CTC yoyote na kadi yako. Usigawane na jirani hata kama mnameza rangi moja. Wala usinunue za mitaani.

Kupewa dawa za mwezi mmoja si jambo jipya. Mwaka 2021 nchini Kenya shehena ya ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, za msaada ilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano wa kodi na utaratibu kati ya serikali na wafadhili, na wagonjwa wakaanza kugawiwa dozi za muda mfupi. Dawa zilikuwepo nchini, zimelipiwa, ziko ndani ya kontena. Fedha peke yake haifikishi kidonge mkononi.

Hivi nchi zetu haziwezi kujilipia?

Wapo walioanza zamani. Zimbabwe ilipitisha kodi ya UKIMWI mwaka 1999 na kuanza kuikusanya 2000. Watu huikosea kwa kudhani ni asilimia 3 ya mshahara; sivyo. Ni asilimia 3 ya ile kodi ya mapato unayodaiwa. Kama kodi yako ni dola 100, unalipa 103, na zile tatu zinakwenda kwa Baraza la Taifa la UKIMWI, ambalo hutumia sehemu kubwa kununua ARV. Kampuni nazo hulipa. Mfumuko wa bei wa 2008 uliifanya kodi hiyo isiwe na thamani, kisha ikafufuka walipoanza kutumia dola 2009. Haitoshi kulipia kila kitu, lakini mtu akijitoa ghafla Zimbabwe haianzi na mfuko mtupu. Afrika Kusini nayo hujilipia sehemu kubwa ya huduma zake za VVU.

Sisi tuna Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI, ATF, ulio chini ya TACAIDS, Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania. Kwa miaka mingi umeonekana zaidi kwenye habari za kupanda mlima: Kili Challenge, iliyoanza 2002, ambapo watu hupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha. Nawavulia kofia wapandaji. Lakini harambee haiwezi kuwa bajeti; virusi havisubiri msimu wa kupanda mlima. Bajeti ya 2025/26 iliyosomwa Dodoma Juni 2025 ndiyo iliyokuja na pendekezo la maana zaidi: tozo mpya, ikiwemo shilingi 10 kwa kila lita ya mafuta, kwa ajili ya UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Gari likijaza lita 40 ni shilingi 400. Najua watu wamechoka na tozo, nami nimo. Hii naiunga mkono, ilimradi tuonyeshwe ilikokwenda.

Aprili 2001 viongozi wa Afrika waliahidi huko Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijafika.

Mimi sina VVU. Inanihusu nini?

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, kama watu milioni 1.5. Mkoani Njombe ni asilimia 12.7. Kati ya wenye VVU, karibu mmoja kati ya sita alikuwa hajui. Waliokuwa wakijua, karibu wote walikuwa kwenye dawa. Kwa hiyo pengo letu liko kwenye kupima, na kupima ndiko kunakotetereka haraka fedha zinapopungua. Pia mjamzito asipopata huduma, hatari ya mtoto kuambukizwa ni kati ya asilimia 15 na 45. Akipata, hushuka chini ya 5.

Na ile sindano ya miezi sita?

Inaitwa lenakapaviri; mtu asiye na VVU huchomwa kila baada ya miezi sita ili asiambukizwe. Ni ya kinga, si tiba ya kuponya. Septemba 2025 yalitangazwa makubaliano ya kutengeneza ya bei nafuu kwa takriban dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027.

Mtu wa kawaida anaweza kufanya nini kuhusu bajeti?

Kata na halmashauri zina kamati za kudhibiti UKIMWI, na bajeti ya halmashauri hujadiliwa na madiwani. Ukienda kwenye mkutano, usiulize "mmetenga kiasi gani", utapewa tarakimu na kupigiwa makofi. Uliza kilichotolewa mwaka uliopita ni kiasi gani kati ya kilichotengwa. Kisha uliza damu iliyochukuliwa mwezi uliopita kwenye kituo chenu majibu yake yalirudi baada ya siku ngapi.