Je, wajua kwa nini kwenye judo unafundishwa kuanguka kabla ya kumwangusha mtu?

Mzazi akimpeleka mtoto judo mara ya kwanza hapa Mombasa, iwe Kisauni iwe Likoni, huwa anategemea kuona mateke na mangumi, kumbe anakuta watoto wamejipanga wanajiangusha tu, chali, ubavu, chali tena, jasho la mwezi wa tatu linatiririka, na yeye pembeni anajiuliza yaani hii ndo nimelipia? Kwanza judo haina mateke, hilo lijulikane. Pili ndio, hiyo ndo umelipia.

Kuanguka huko kunaitwa ukemi na kuna sababu zake za kimwili kabisa. Kidevu unakibana kifuani ili kisogo kisigonge chini, mkono unaupiga bapa kwenye mkeka ili kishindo kisambae eneo kubwa kisimalizikie sehemu moja. Mtu ambaye hajafunzwa akiteleza hutanguliza kiganja, anataka kujizuia, na ndo vile watu wengi wanavunjika kifundo cha mkono. Jigoro Kano, mwalimu aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882 kwenye chumba cha mikeka 12 ndani ya hekalu la Eishoji, mwenyewe alikuwa mtu mfupi aliyeonewa sana ujanani, kwa hivyo habari za kuangushwa alizijua vizuri.

Sasa utaniambia yakhe, hayo na shida za maisha yanaingilianaje, hoteli ikipunguza watu msimu wa masika, au ulikuwa utingo wa lori halafu kontena zikahamia reli ya SGR, kujua kuanguka chali kutakusaidia nini. Kodi ya nyumba hakutakulipia, hilo tukubaliane mapema. Lakini kuna kitu kichwani kinabadilika na wanasayansi wamekifuatilia miaka mingi.

Mwaka 1967 huko Marekani, Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio yao ya mbwa (ya kikatili kusema kweli, leo usingeruhusiwa kirahisi). Kundi moja lilipigwa shoti za umeme lakini mbwa akisukuma kibao kwa kichwa shoti inakatika, kundi lingine likapata shoti zile zile kwa muda ule ule ila halina la kufanya. Baadaye wote wakawekwa kwenye sanduku ambalo ukiruka kizuizi kidogo tu umeokoka. Wale wa kwanza wakaruka, wa pili wengi wao walijilaza tu wakavumilia, maana walishaona hata wafanye nini hakuna kinachobadilika. Maumivu yalikuwa sawa kabisa! Tofauti ilikuwa nani ana uwezo wa kuyakatiza. Na mwaka 2016 wenyewe wawili wakarudi wakasema walikuwa wameisoma kinyume: kukata tamaa ndo hali ya kwanza ya ubongo ukibanwa muda mrefu, kinachofunzwa ni ile hisia kwamba ninaweza kufanya kitu, na ni sehemu ya mbele ya ubongo ndo inayotuliza ile ya ndani inayotaka kusalimu amri.

Haya, rudi kwenye mkeka. Mtu mzito kuliko wewe amekukalia kifuani, pumzi haitoshi, moyo unadunda, adrenalini imepanda kama vile unafukuzwa, ila una kibao chako cha kusukuma: ukigonga mkeka mara mbili anakuachia papo hapo. Bila kugonga pia una la kufanya, unageuza nyonga, unatafuta upenyo, unatoa pumzi ndefu polepole, na kutoa pumzi kweli hupunguza mapigo ya moyo. Dakika mbili baadaye mmesimama mnainamiana na mnaanza upya. Jioni moja unapita hapo mara kadhaa, wiki baada ya wiki, mwili unazoea kwamba kubanwa kuna mwisho na kwamba hata ukibanwa bado kuna kitu kidogo cha kufanya. Mtu wa hivo akipata barua ya kuachishwa kazi ataumia kama wewe na mimi, ila pengine kesho yake ana nafuu kidogo ya kunyanyua simu aanze kuulizia vibarua. Karate na taekwondo nazo zina njia zao, kule mazoezi ya kupigana wawili wawili ndo yanafanya kazi hiyo.

Ila usidhani kila dojo (ukumbi wa mazoezi) inajenga. Kuna walimu wanaamini mtoto anakomaa akipigwa na kuaibishwa mbele ya wenzake, na ukikumbuka wale mbwa utajua huyo anamweka mtoto kundi lipi. Kwa hivyo kabla hujalipa omba ukae uangalie darasa moja zima, na uangalie kitu kimoja: mtoto akigonga, anaachiwa saa hiyo hiyo au anacheleweshwa kwanza watu wacheke? Wakicheka, mshike wako mkono mtafute pengine.