Picha na barua za Dar ya zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Picha za kale za Dar es Salaam zinasambaa sana kwenye simu siku hizi, na maelezo yanayoandamana nazo mara nyingi hayana mbele wala nyuma. Inaniuma, kwa sababu picha ikishapachikwa mwaka usio wake, kuurudisha ule wa kweli ni kazi kubwa.

"Mji huu walianzisha Wajerumani."

Waliukuta. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, na Boma la Kale ni la enzi zake. Alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulidorora. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kwa kuwa picha nyingi zilizobaki ni za wakati wao, watu huona kama kisichopigwa picha hakikuwepo.

"Hii ni Ikulu yetu kabla ya vita."

Jumba la gavana Mjerumani lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza. Ikulu tunayoiona leo ilijengwa upya mwaka 1922. Na Sanamu ya Askari? Ni ya mwaka 1927. Ukiona picha ya sanamu ya Mzungu amesimama juu na askari Mwafrika yuko chini yake, huyo Mzungu ni Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916 wakaing'oa, kwa hiyo picha hiyo ni ya kabla ya hapo.

"Tarehe iko kwenye muhuri wa posta."

Picha nyingi za kale zilichapwa kwenye kadi za posta, na muhuri unakuambia kadi ilitumwa lini tu. Picha yenyewe yaweza kuwa ya miaka mingi nyuma, maana kadi moja iliuzwa muda mrefu. Rangi nazo zilipakwa na wachapaji, wengine hata bahari yetu hawajaiona. Tena wapiga picha kama Walther Dobbertin, ambaye picha zake zimehifadhiwa na Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani, walikuwa wafanyabiashara: walipiga kilichouzika.

"Wazee wetu hawakuandika, na karatasi zenye herufi za Kiarabu ni za dini."

Hii ndiyo dhana inayotugharimu kuliko zote. Watu wa pwani waliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla Wajerumani hawajafika, na maliwali na maakida waliendelea kuzitumia chini ya utawala wao. Chukua barua moja uitazame. Mwanzoni kuna maamkizi ya Kiarabu, "ila jenabi sheikh", yaani kwa mheshimiwa sheikh. Kisha lugha inageuka, "baada ya salamu, nakuarifu", na kutoka hapo ni deni, shamba, mgonjwa, posa. Kuisoma kunataka subira, kwani waandishi wengi walitumia herufi ile ile ya B kwa P na hata MB, na msomaji lazima apime neno kwa maana ya sentensi. Lakini mtu asiyejua huona Kiarabu, hudhani ni aya au hirizi, basi huizika au huitia moto kwa heshima. Kumbe ameunguza hati ya nyumba ya babu yake.

"Nyaraka zote Wajerumani walizibeba."

La. Kumbukumbu za utawala wa Kijerumani zipo Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, na UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili.

Kama una picha au barua za aina hii nyumbani, usizitie laminesheni, maana hazitoki tena salama. Waulize wazee majina ya waliomo wakiwa bado wapo, uyaandike nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza. Wino hupenya hadi upande wa sura. Barua mpelekee anayezisoma herufi hizo kabla hujaamua ni ya nini.